Tuandikapo kuhusu pumu, tuwataje wajumbe wanaoamuru njia za hewa zibane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo linalonisumbua kila ninaposoma makala za afya zinazohusu pumu. Makala hizo huandikwa kwa nia njema, na nyingi zina ushauri unaofaa, lakini karibu zote humwambia msomaji kwamba mgonjwa wa pumu hukosa pumzi kwa sababu mirija yake "imeziba", kisha humhimiza awe na dawa ya "kuizibua". Neno hilo la kuziba ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Njia ya hewa ya binadamu ni kiungo hai kilichozungushiwa misuli, na misuli hiyo hubana kwa sababu imeamriwa ibane. Amri huletwa na kemikali ambazo zimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100 na zinajulikana kwa majina. Msomaji asiyejua kwamba ipo amri hawezi kujiuliza ni nani aliyeitoa, na matibabu mengi ya pumu huharibika pale ambapo swali hilo halijaulizwa.

Nimefundisha fiziolojia kwa miaka mingi na nimeishi na pumu tangu utotoni, kwa hiyo jambo hili nimelitazama nikiwa darasani na nikiwa kitandani.

Bomba kuu la hewa hugawanyika kuwa matawi mawili, kila tawi likagawanyika tena, na mgawanyiko huo huendelea kwa takriban vizazi 23 hadi kufikia vifuko vidogo ambamo damu hupokea oksijeni. Matawi makubwa yana gegedu inayoyazuia yasibonyee. Matawi madogo hayana gegedu, na kilichoyazunguka ni nyuzi za misuli laini zilizojizongazonga kama kamba kwenye mpini. Misuli hii haitii utashi wetu. Mtu anaweza kukunja ngumi na kuikunjua apendavyo, lakini hawezi kuziamuru njia zake za hewa zilegee, na ndiyo maana kumwambia mgonjwa aliyeshikwa na pumu kwamba ajikaze au atulie tu ni kumwomba jambo lililo nje ya uwezo wake. Isitoshe, ubanaji mdogo huleta shida kubwa. Hewa inapopita kwa utulivu katika mrija, upana wa mrija ukipungua hadi nusu, ugumu wa kupita huongezeka mara 16. Kwa hesabu hiyo, msomaji ataona kwa nini mtu anaweza kuzungumza vizuri sasa hivi na baada ya dakika chache akashindwa kumaliza sentensi.

Mjumbe wa kwanza ninayetaka kumtaja ni asetilikolini, inayotolewa na ncha za neva iitwayo vagasi. Habari ya kugunduliwa kwake inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha kwamba neno "mjumbe" lina maana yake halisi hapa. Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi Graz nchini Austria, alichapisha matokeo ya jaribio lililotumia mioyo miwili ya vyura. Aliichochea neva ya vagasi ya moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua, kisha akachukua maji ya chumvi yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuwa umechochewa na neva yoyote. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo. Hapakuwa na waya wala uzi uliounganisha mioyo hiyo. Kilichotoka huku kwenda kule kilikuwa kitu kilichoyeyuka katika maji. Henry Dale wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza tabia za asetilikolini tangu mwaka 1914, na mwaka 1936 wanasayansi hao wawili walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel.

Katika jaribio hilo limo fundisho ambalo wanafunzi wangu wengi hulipita bila kulitia moyoni. Asetilikolini iliyoutuliza moyo wa chura ndiyo hiyo hiyo inayobana njia za hewa za binadamu. Inawezekanaje kemikali moja itulize kiungo kimoja na kukikaza kingine? Jibu ni kwamba maana ya ujumbe imo katika anayeupokea. Juu ya kila seli ya misuli kuna protini ziitwazo vipokezi, ambazo kila moja imeundwa ikubali kushikwa na kemikali fulani. Moyo una vipokezi vya asetilikolini vya aina ya M2, ambavyo hupunguza mapigo; misuli ya njia za hewa hutegemea zaidi vipokezi vya aina ya M3, ambavyo huibana. Sehemu kubwa ya elimu ya dawa za mapafu imejengwa juu ya tofauti hiyo, na naamini msomaji wa kawaida anaweza kuielewa akielezwa kwa lugha yake.

Yanayotokea baada ya M3 kushikwa yanastahili nafasi hata gazetini. Ndani ya seli, kipokezi huamsha protini ya jirani, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza mjumbe wa pili, mdogo zaidi, anayeelea hadi kwenye ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli hiyo hiyo. Ghala hufunguka, kalsiamu ikamwagika. Kalsiamu hujishika na protini iitwayo kalimodulini, na kwa pamoja huamsha kimeng'enya kingine kinachobandika fosfeti kwenye mayosini, protini inayofanya kazi ya kuvuta ndani ya misuli. Hapo mayosini huanza kuvuta nyuzi za aktini, na seli ikafupika. Kuna pia njia ya pembeni, inayopitia kimeng'enya kiitwacho Rho-kinase, ambayo huzuia fosfeti hiyo isibanduliwe, hivi kwamba misuli inaweza kubaki imebana hata baada ya kiwango cha kalsiamu kuanza kushuka. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo la mwisho: kubana na kuendelea kubana ni mambo mawili, na kila moja lina utaratibu wake.

Neva yenyewe ina breki. Kwenye ncha zake kuna vipokezi vya M2 ambavyo, asetilikolini inapoongezeka, huiashiria neva ipunguze kuitoa. Majaribio ya wanyama wa maabara yameonyesha kwamba katika hali ya mzio, seli za damu ziitwazo eosinofili hukusanyika karibu na neva na kumwaga protini inayovikalia vipokezi hivyo na kuvilemaza. Virusi vya mfumo wa hewa navyo hudhoofisha breki hiyo hiyo. Neva ikikosa breki hutoa asetilikolini kupita kiasi kwa kichocheo kidogo tu, kama vile vumbi, moshi au hewa baridi. Wagonjwa wengi hulaumu baridi, na hawajakosea kabisa, kwa kuwa baridi na ukavu wa hewa huweza kweli kuchochea njia za hewa. Ila hewa ile ile ya baridi humpita mtu asiye na pumu bila kumdhuru. Inapasa basi tuandike kuhusu kilichoziandaa njia za hewa za mgonjwa hata zikashtushwa na jambo ambalo wengine hawalihisi.

Maandalizi hayo hufanywa na uvimbe wa muda mrefu katika kuta za njia za hewa, na hapo ndipo wanapoingia wajumbe wa kundi jingine. Seli za masti, ambazo hukaa chini ya utando wa njia za hewa na hata katikati ya nyuzi za misuli, hupasua vifuko vyake zikikutana na kitu ambacho mwili unakichukia. Histamini hutoka kwanza, nayo hubana misuli kupitia vipokezi vya H1 katika muda wa dakika chache. Ndiyo inayojulikana zaidi kwa watu, kwa sababu ya vidonge vya mafua na mizio, lakini katika pumu nafasi yake ni ndogo kuliko umaarufu wake, na ndiyo sababu dawa za kuzuia histamini hazitegemewi kutibu shambulio la pumu.

Wenye nguvu zaidi ni lukotraini. Mwaka 1938 Feldberg na Kellaway, wakifanya utafiti nchini Australia, walipitisha sumu ya swila katika mapafu ya wanyama wa maabara wakaona kwamba mapafu hayo yanatoa kitu kinachokaza misuli laini polepole na kwa muda mrefu, tofauti kabisa na histamini, ambayo hukaza upesi na kuachia upesi. Kwa zaidi ya miaka 40 kitu hicho kilijulikana kwa tabia yake tu, bila umbo lake kufahamika. Ilikuwa mwaka 1979 ambapo kundi la Bengt Samuelsson nchini Sweden lilipobainisha muundo wake, na mwaka 1982 Samuelsson akawa miongoni mwa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel. Ilidhihirika kwamba lukotraini hutengenezwa kutokana na mafuta ya utando wa seli, na kwamba baadhi yake zinaweza kubana njia za hewa kwa nguvu inayokaribia mara 1,000 ya ile ya histamini. Dawa ya montelukasti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, hufanya kazi kwa kukikalia kipokezi cha lukotraini ili ikose pa kushika. Kwa kuwa naandika hadharani, sina budi kuongeza kwamba mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa dawa hiyo onyo lake zito zaidi kuhusu mabadiliko ya hisia na tabia, yakiwamo mawazo ya kujidhuru, na mgonjwa anayeitumia anastahili kuelezwa hivyo.

Mwili haukuachwa bila wajumbe wa kulegeza. Zipo neva zinazotoa oksidi ya nitrojeni, ambayo hulegeza misuli hiyo, na ipo kemikali iitwayo prostaglandini ya aina ya E2, ambayo hufanya vivyo hivyo, ilhali ndugu yake wa aina ya D2 hubana. Aliye mashuhuri zaidi ni adrenalini. Inashangaza kwamba misuli ya njia za hewa ya binadamu ina neva chache sana za kuifikishia amri ya kulegea moja kwa moja. Hutegemea adrenalini inayotoka katika tezi zilizo juu ya figo na kusafiri ndani ya damu. Inapofika, hushika vipokezi vya beta-2, na ndani ya seli hutengenezwa mjumbe wa pili, cAMP, ambaye kwa njia kadhaa hupunguza kalsiamu na kuifanya mayosini iachie. Adrenalini hiyo hiyo ikipita kwenye mishipa ya damu ya ngozi huibana, kwa kuwa huko hukutana na vipokezi vya alfa. Tofauti kati ya alfa na beta ilielezwa na Raymond Ahlquist mwaka 1948, na kutokana na elimu hiyo ikapatikana salbutamoli, iliyoingia sokoni mwaka 1969 ikiwa dawa inayolenga zaidi beta-2 na kuugusa moyo kidogo kuliko zile zilizoitangulia.

Wagonjwa wengi watatambua jambo moja katika maelezo haya. Adrenalini katika damu hushuka usiku na kufika chini kabisa karibu na saa 10 alfajiri. Kotisoli nayo, homoni inayopoza uvimbe, huwa chini usiku huo huo. Na vagasi huongeza kazi yake mtu alalapo. Wajumbe wa kulegeza hupungua wakati ambapo wale wa kubana wanazidi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiamka saa hizo kifua kimenibana, na watu wazima walionipenda waliamini kwamba nimelala vibaya au nimejifunua shuka. Hakuna aliyeweza kunieleza, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelezwa.

Ndugu Mhariri, nimeeleza kwa urefu kwa sababu bila hayo nisingeweza kuonyesha ubaya wa neno "kuzibua". Salbutamoli huenda kwenye misuli na kuiamuru ilegee. Hufanya hivyo vizuri sana na huokoa maisha, na mtu aliyeandikiwa hapaswi kutengana nayo. Lakini haizigusi seli za masti, haiziondoi eosinofili, haiirudishii neva breki yake. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mgonjwa anayetegemea salbutamoli peke yake hushindana na mjumbe mlangoni huku aliyemtuma akiendelea kutuma wengine. Tena vipokezi vya beta-2 vikichochewa kila mara hupungua, na misuli huwa nyepesi zaidi kushtuka. Dawa ya steroidi ya kuvuta ndiyo inayowanyamazisha wanaotuma: hupunguza seli za uvimbe na kemikali zake, na zaidi ya hapo huisaidia misuli itengeneze vipokezi vya beta-2 kwa wingi. Shida yake ni kwamba haileti nafuu mara moja. Mgonjwa huivuta asubuhi na jioni asihisi tofauti, ilhali ile nyingine humfungulia kifua ndani ya dakika chache. Kwa hiyo huiacha inayotibu na kuikumbatia inayotuliza, na akisoma gazetini kwamba pumu ni mirija iliyoziba, atajiona amefanya uamuzi wa busara.

Sisemi hayo kwa kubuni. Tangu mwaka 2019, mpango wa kimataifa wa kushughulikia pumu ujulikanao kama GINA haushauri tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kulegeza ya muda mfupi peke yake. Unataka kila mmoja wao apate pia steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine. Miongozo hiyo inaeleza kwamba mtu anayemaliza inhela tatu au zaidi za dawa ya kulegeza kwa mwaka, kila moja ikiwa na mivuto 200, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata mashambulio makali, na kwamba anayefikia inhela 12 kwa mwaka hatari yake ya kufa huongezeka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa hawakupata dawa zinazofaa, na tatizo la upatikanaji ni kubwa kuliko barua yangu. Hata hivyo, wapo wenye dawa zote mbili kabatini ambao huitumia moja tu, na hao gazeti linaweza kuwafikia.

Kuna pia madhara yanayotokana na kutowajua wajumbe hawa hata nje ya dawa za pumu. Propranololi hutumika kwa moyo na shinikizo la damu, nayo huvifunga vipokezi vya beta bila kuchagua. Mwenye pumu akiinywa, adrenalini yake hukosa mlango, na njia za hewa zinaweza kubana vibaya. Matone ya timololi yanayotiwa machoni kwa ajili ya glakoma huweza kufanya hivyo hivyo, kwa sababu sehemu yake huingia katika damu, na ni wachache wanaodhani kwamba dawa ya jicho inaweza kufika kifuani. Aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, na baadhi ya wagonjwa wa pumu wakimeza dawa hizo hupungukiwa na E2 inayolegeza, lukotraini zikafurika, na shambulio likafuata. Si wote walio hivyo, na sipendi mtu aogope dawa isiyomdhuru. Ninachotaka ni kwamba mwenye pumu amtajie daktari na mfamasia ugonjwa wake kabla ya kupokea dawa yoyote, hata kama amekwenda kwa ajili ya jicho au goti.

Nakiri kwamba kamasi si hadithi. Asetilikolini hizo hizo huchochea tezi za kamasi, uvimbe huzidisha, na katika mashambulio yanayoua mara nyingi hukutwa vizibo vya kamasi katika njia ndogo za hewa. Mwandishi anayetaja kamasi hajasema uongo. Amesimulia matokeo na kuacha chanzo.

Ombi langu kwa waandishi wako wa afya ni dogo. Wanapoeleza shambulio la pumu, waandike kwamba misuli ya njia za hewa imebana kwa kuamriwa na kemikali za mwili wenyewe, na kwamba kuta zake zimevimba. Wanapotaja inhela, wazitofautishe kwa kazi zake, moja ikiwa ya kulegeza misuli na nyingine ya kupoza uvimbe, badala ya kuzitaja kwa rangi tu, kwa maana rangi hubadilika kulingana na mtengenezaji. Waeleze pia kwamba ipo inhela inayobeba dawa zote mbili kwa pamoja, steroidi na dawa ya kulegeza iitwayo formoterolo, ambayo daktari anaweza kumwandikia mgonjwa aitumie hata anapohitaji nafuu ya haraka. Na kila makala ya namna hiyo imwambie msomaji ahesabu ni inhela ngapi za kulegeza amemaliza tangu mwaka uanze, kisha aende na hesabu hiyo kwa daktari wake.

Niko tayari kuisoma makala yoyote ya pumu kabla haijachapwa na kurekebisha istilahi zake bila malipo, endapo dawati lako la afya litaona inafaa.

Wako katika ujenzi wa afya ya jamii,

Mwalimu wa fiziolojia na msomaji wako wa siku nyingi